Mguu Usioinuka

Zeno wa Elea, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alitega mtego ambao wanafalsafa bado wanauzunguka. Mshale uliorushwa, alidai, katika kila nukta ya wakati umekaa mahali panapolingana na urefu wake, si zaidi wala pungufu. Kilichokaa mahali pake hakiendi. Basi ikiwa safari nzima ni nukta za namna hiyo zilizopangwa mfululizo, mshale hauruki hata kidogo.

Mpiga mishale hana haja ya kujibu. Mshale wake utafika hata mantiki ikikataa. Mwenye shida ni mchonga sanamu. Yeye amepewa nukta moja tu, tena ya jiwe, shaba au mti, na anatakiwa humo humo atie mwendo.

Wengi watasema achague nukta iliyo bora, aigandishe kama kamera. Sikubali, na kamera yenyewe ni shahidi wangu. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera safu moja akapiga picha za farasi akikimbia. Ikaonekana kwamba farasi anapokuwa hewani, miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamezoea kuinyoosha mbele na nyuma, kama alivyofanya Théodore Géricault mwaka 1821 katika picha yake ya mashindano ya Epsom. Kwa ushahidi, Muybridge ameshinda. Lakini zitazame picha hizo moja moja: farasi wa kamera amening'inia kama aliyefungwa kamba, na wa Géricault, wenye mkao ambao farasi anayekimbia hana, wanatimua mbio.

Auguste Rodin aliligusa jambo hili katika mazungumzo yake na Paul Gsell, yaliyochapishwa mwaka 1911. Msanii, alishikilia, ndiye msema kweli, na picha ya kamera ndiyo inayodanganya, kwa kuwa wakati hausimami. Ushahidi wake ninauona kwenye ile sanamu yake ya mtu anayetembea, isiyo na kichwa wala mikono. Anza na nyayo. Zote mbili zimekanyaga chini bapa. Kisigino cha nyuma hakijainuka. Jaribu mkao huo sebuleni kwako, utajikuta umesimama umetanua miguu, basi. Ila jicho likianzia mguu wa nyuma, linaona uzito ungali pale, ukiisukuma ardhi. Likipanda kwenye kiwiliwili na kuteremka mguu wa mbele, linakuta uzito umekwisha kuhamia huko. Mwanzo wa hatua na mwisho wake vimekaa katika mwili mmoja.

Hapo hoja ya Zeno inageuzwa nje ndani. Mshale wake ni wa kweli katika kila nukta, na wa uongo ukijumlishwa. Mtu wa Rodin ni wa uongo katika nukta yoyote utakayotaja, na ni wa kweli akichukuliwa mzima. Aristotle alikwisha kumjibu Zeno kwamba wakati haukujengwa kwa nukta zisizogawanyika. Rodin amelijibu hilo hilo kwa shaba.

Ningeishia hapo kama kusingekuwa na vinyago vya Wamakonde. Vile vya ujamaa, vyenye watu waliopandana katika gogo moja la mpingo, bado vinaweza kuelezwa kwa njia ya Rodin, kwa sababu vina miguu na migongo. Lakini kuna vile vinavyoitwa mawingu. Humo hamna mguu wala mgongo wa kuhamisha uzito, wala nyakati mbili za hatua. Kuna ukingo unaopinda, unakuwa mwembamba, unapita nyuma ya tundu na kutokea upande wa pili umegeuka kuwa bonde. Na bado kitu kinakwenda! Kinachokwenda ni nini, ikiwa hakuna anayekwenda?

Mtazamaji ndiye anayekwenda, utasema. Mawingu hayana uso wa mbele, hivyo unalazimika kuyazunguka. Nakubali nusu. Hata gogo ambalo halijaguswa na tezo laweza kuzungukwa, na halituchezeshi. Tofauti ni kwamba gogo halijali unaanzia wapi wala unaishia wapi, ilhali ukingo ule umekwisha kuamua jicho liharakishe wapi, likwame wapi, na lipotelewe na njia wapi hadi miguu isogee kuitafuta. Mwendo haumo katika mti, wala haumo ndani yangu. Umo katika amri iliyoachwa na mchongaji, nami naitekeleza kila ninapotazama. Ndiyo maana kinyago cha mawingu kikibanwa ukutani kwenye rafu ya duka, kama vinavyobanwa vingi, kinakuwa kipande cha mti kilichotobolewa.

Lakini amri hiyo haifanyi kazi bila utulivu kamili wa kinachoitoa, na hapa mti una maoni yake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na unakauka polepole mno. Kinyago kilichochongwa kwenye gogo bichi huonekana kizima siku ya kuuzwa, kisha kikipelekwa kwenye hewa kavu unyevu uliobaki hutoka, nyuzi zinasinyaa, na ufa unafunguka kufuata urefu wa mti. Huo ndio mwendo halisi pekee ambao kinyago kitaufanya maishani mwake, na ndio unaoua ule mwingine: jicho lililokuwa likiteleza na ukingo linafika kwenye ufa, linasimama, linaanza kuona mbao.