Zinyonyoke Tu, Wewe Kula

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ndio unaoliza watu. Siku ya kisu ulijikaza. Wiki zile za kunywa mchuzi kwa kijiko ukazimaliza. Mizani ikaanza kushuka, gauni lililolala kabatini miaka na miaka likapita mabegani, na ngazi za ghorofa ya tatu ukazipanda bila kusimama njiani kushika ukuta. Halafu asubuhi moja unachana nywele na kitana kinatoka kimejaa. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya muda bomba la bafu linaziba, foronya ina nywele, paji la uso linaonekana limepanuka, na wewe unaanza kuwaza: bora ningebaki na unene wangu.

Likatae wazo hilo leo. Nywele hizo zitaota. Kwa watu wengi huota zenyewe, bila mafuta ya ajabu wala dawa ya kuagizwa, mradi mwenye kichwa afanye jambo moja ambalo wengi wanalisahau kwa sababu macho yao yako kwenye kioo: ale. Ale alivyoagizwa, kila siku, hata siku ambayo tumbo halitaki na moyo umekata tamaa. Nimekuja kukusukuma ukae mezani, na sitaona haya kukusukuma kwa nguvu.

Kwanza ujue kinachotokea, maana hofu hunona gizani. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele una ratiba yake: unakua kwa miaka kati ya 2 na 6 hivi, unapumzika kama miezi 3, kisha unaanguka kuupisha mwingine. Hata mtu mwenye afya njema huangusha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa karibu tisa katika kila kumi ziko kwenye kukua. Mwili ukipigwa na mshtuko mkubwa, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Haziondoki siku hiyo. Zinakaa miezi yao mitatu, kisha zinateremka kwa pamoja, wakati wewe umeshasahau hata maumivu ya kidonda. Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, aliieleza hali hii kitaalamu mwaka 1961. Akina mama walikuwa wanaijua kabla yake. Mtoto akifika miezi mitatu au minne, nywele za mama hunyonyoka kwenye kanga, bibi anamwambia zitarudi, na zinarudi. Njia ni hiyo hiyo moja.

Mshtuko wako wewe ulikuwa mara mbili. Kulikuwa na upasuaji wenyewe, ambao kwa aina inayofanywa sana siku hizi huondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi. Kisha ikafuata miezi ya kula kidogo mno na kupungua kwa kasi. Mwili hapo unafanya kama nyumba ambayo mshahara umekatwa ghafla: unga, kodi na ada ya mtoto vinalipwa, mapazia mapya yanasubiri. Moyo umelipwa, ubongo umelipwa, kidonda kimelipwa kikafunga. Nywele ndizo mapazia. Waliowekewa puto tumboni, huduma ambayo Hospitali ya Mloganzila ilipoianzisha ilizungumzwa nchi nzima, hawakukatwa popote, lakini wanaweza kunyonyoka vilevile uzito ukishuka haraka. Wanaotumia sindano za kupunguza uzito pia.

Chukua unywele mmoja ulioanguka uutazame mwisho wake. Utaona kidoto cheupe. Watu wakikiona hicho hupiga kelele kwamba mzizi umeng'oka na hapo hapataota kitu tena. Sivyo. Kidoto kile ni alama kwamba unywele ulimaliza mapumziko yake. Kitundu unamoota bado kiko chini ya ngozi, kiko hai, na mara nyingi unywele mpya ndio umeshaanza kuusukuma ule wa zamani utoke.

Kunyonyoka kwa namna hii mara nyingi huchukua miezi kadhaa, hadi sita hivi, kisha hupungua. Utaona vinywele vifupi vimesimama kwenye paji kama vya mtoto, havilaliki kwa mafuta wala kwa brashi. Vikutie raha. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usidai urefu wako wa zamani ndani ya wiki. Hesabu kwa mwaka.

Sasa twende mezani, maana hapo ndipo kazi ilipo. Unywele umejengwa kwa protini, na aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida huelekezwa apate angalau gramu 60 za protini kwa siku. Wengine huambiwa 80 au zaidi, kwa kadiri ya mwili na aina ya upasuaji. Gramu 60 kwa tumbo lililobaki dogo namna ile si mchezo. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa ina kama 8. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina karibu 25, lakini wewe huwezi kukimaliza kwa mkao mmoja. Ndiyo maana lazima upange tangu asubuhi, ule kidogo kidogo, usiache nafasi ya tumbo ichukuliwe na vitu visivyojenga.

Na hapa utamaduni wetu wa meza unatuponza. Sisi tumelelewa kwamba ugali, wali au ndizi ndicho chakula, na kile kipande cha samaki ni kitoweo cha kusindikizia tonge. Geuza. Kwako sasa kitoweo ndicho chakula, na tonge ndilo kitoweo. Anza na samaki, mayai, kuku, maharage yaliyoiva yakalainika, mtindi usiotiwa sukari. Ikibaki nafasi ya vijiko viwili vya ugali, haya. Isipobaki, hujapoteza kitu. Usijisikie mnyonge pia kwa kukosa unga wa protini wa makopo ya bei mbaya: dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, wanauzwa kwa kipimo sokoni, na wakisagwa wanaingia kwenye mchuzi bila kulalamika. Shangazi yako atakasirika kwamba umeususa wali wake. Mwambie, "Shikamoo shangazi, nimekula samaki wako wote," na umbusu mkono.

Chai nayo tuiongelee, maana hapa hatuelewani na watu. Chai ya rangi na ya maziwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na upungufu wa chuma ni mmoja wa wachochezi wakubwa wa kunyonyoka kusikokoma, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi. Kumeza kidonge cha chuma kwa chai ni kukitupa. Kimeze kwa maji, chai ije baada ya saa moja au mbili. Kidonge cha kalsiamu nacho kikae mbali na cha chuma kwa angalau saa mbili, kwa sababu vinagombana. Vitamini ulizoandikiwa hazina siku ya kuhitimu. Wengi huziacha mwezi wa tano wakijiona wazima, na ni kosa la gharama, kwani njia ya kufyonza lishe tumboni mwao imebadilishwa moja kwa moja.

Kuna soko limesimama mlangoni likikusubiri. Litakuuzia vidonge vya biotini vyenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni, na mafuta yenye majina ya matunda usiyoyajua. Kwa mtu asiye na upungufu wa biotini, hakuna ushahidi wa maana kwamba vidonge hivyo vinarudisha nywele. Kibaya zaidi, dozi kubwa huvuruga majibu ya maabara. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba biotini inaweza kupotosha hata kipimo kinachotumika kutambua mshtuko wa moyo. Ukiwa unavimeza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Zinki ukijimezea ovyo inashusha shaba mwilini. Vitamini A ikizidi, nayo inanyonyoa nywele. Fedha hiyo nunua mayai.

Kichwa chenyewe kiache kipumue. Rasta nzito zilizobana, wigi lililogandishwa kwa gundi, weaving ya miezi miwili, dawa ya kulainisha iliyowekwa juu ya nywele zilizodhoofika: hivyo vyote huvuta na kuunguza kile kidogo kilichobaki, na kuvutwa kwa muda mrefu kunaweza kuua kitundu chenyewe. Hapo ndipo tatizo la kupita linapogeuka la kudumu. Suka mistari iliyolegea, au usisuke kabisa. Funga kilemba, vaa mtandio, vaa wigi jepesi la kuvua jioni. Au nyoa! Wasichana wengi wa Tanzania wamesoma shule ya msingi hadi sekondari vichwa vikiwa vimenyolewa, wamefaulu, wamecheka, wamependwa. Kichwa kifupi si msiba. Kinyozi mzuri na hereni kubwa vinaweza kukufikisha mbali kuliko ulivyodhani.

Lakini najua kinachokuuma zaidi si nywele. Ni watu. Mtaa wetu haujui kunyamaza mbele ya mtu aliyekonda. Mnene akipungua ghafla, majibu yanakuwa tayari: anaumwa ule ugonjwa, au amerogwa, au mume amemtesa. Nywele zikipungua nazo, wanaona ushahidi umekamilika. Kwenye sherehe mtu anakushika mkono kwa huruma ya uongo, anakuuliza, "Mwenzetu, unaendeleaje?" huku macho yako juu ya kichwa chako. Kanisani, msikitini, kazini, kwenye kikoba, jicho ni lile lile. (Na tuseme ukweli, hata anayeishi na virusi hakustahili jicho hilo.)

Huna deni kwao. Faili lako ni lako na daktari wako. Ukitaka kusema, sema wima: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, nywele zinanyonyoka kwa muda, zitarudi." Sentensi hiyo ikitamkwa bila kuinamisha kichwa huwanyima wambea chakula. Ukitaka kunyamaza, "Nipo salama, namshukuru Mungu" inatosha, na ubadilishe mazungumzo. Usichoruhusiwa ni kujifungia ndani. Hukupitia kisu ili uje ujifiche. Ulikwenda pale kwa sababu ya sukari, au presha, au magoti, au usingizi uliokukaba koo usiku, au kwa sababu ulitaka kuwaona wanao wakikua. Vitu hivyo bado vipo mezani, na vingi kati ya hivyo vinaelekea kukuendea vizuri. Toka. Nenda harusini. Cheza mduara ukiwa na kilemba chako.

Ndugu wa kiume, na wewe usijifanye hayakuhusu kwa sababu unanyoa kila wiki. Kunyonyoka kwako ni taarifa ile ile kuhusu sahani yako, ila wembe unaificha.

Lakini hamasa isikufanye kipofu. Si kila kunyonyoka ni kwa kusubiri. Kama kulianza baada ya nusu mwaka na hakukuwepo mwanzoni, kama kumepita mwaka hakujakoma, kama kunatoka mabaka, kama utosi unawaka, unawasha au unauma, nenda ukaonwe. Wanawake wa Kiafrika wana ugonjwa wao unaoanzia utosini na kuacha kovu. Ukikamatwa mapema unazuilika, ukichelewa nywele za hapo hazirudi. Madaktari wa ngozi wapo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha kuwafundisha kinachohudumia kanda nzima, kilichoanza mwaka 1992. Omba upimwe akiba ya chuma, B12, vitamini D, zinki na tezi ya shingo. Na ukiwa unatapika kila siku, unapepesuka, au miguu inakufa ganzi, hiyo haingoji miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo kwa muda mfupi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la mtu anayeona nywele zake zinaanguka, akahuzunika, hamu ya kula ikaisha, akaanza kuishi kwa chai na biskuti mbili. Huyo amezinyima nywele kile kile zinachokisubiri, na kwa sababu biskuti zinayeyuka tumboni bila kushibisha, uzito utaanza kumrudia huku kichwa kikiendelea kupungua.

Kwa hiyo futa machozi. Chemsha mayai usiku huu yalale tayari. Weka kidonge cha chuma mbali na birika. Mwambie msusi wako kwamba hadi nywele zikomae upya, hakuna kubana. Na kama kliniki yako ya mwezi wa tatu ilikupita kwa sababu ulijiona mzima, au kwa sababu uliona aibu kuvua mtandio mbele ya daktari, piga simu kesho saa mbili asubuhi uombe siku nyingine, na uende.