Sifa Hazinunui Unga

Ukimsifu mtu kwa bidii yake, umempa nini hasa?

Nauliza kwa sababu karibu na steji yetu kuna mama ana kibandaski ambacho mchana hukosi foleni. Chapo, madondo, ndengu, sukuma. Kwenye benchi moja utapata makanga, vijana wa mjengo, jamaa wa ofisi wenye tai, na sisi waandishi tunaongoja malipo ya makala ya miezi miwili iliyopita. Wote tuna sentensi moja: "Huyu mama ni mtu wa kazi." Ni kweli. Saa kumi alfajiri jiko lake limeshawaka. Madondo yalilowekwa jana usiku. Unga unakandwa, unapumzishwa, unasukumwa, chapo moja baada ya nyingine, na bado hajauza kitu.

Lakini sikiliza hiyo sentensi vizuri. Ikishatamkwa, mazungumzo yanaisha. Hakuna anayeuliza mbona mtu anayelisha steji nzima hawezi kuugua siku mbili bila mtaji kuliwa. Hakuna anayeuliza mbona kanjo wakitokea, ni mtu wa kazi anayekimbia na sufuria za moto.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali nzuri, lakini ni ya pwani, na bahari haidai ada ya kila siku. Kando ya barabara ya Nairobi ina wenyewe wengi: kaunti, landilodi, muuza maji ya mtungi, bei ya unga. Mtu anaweza kugaagaa kutoka alfajiri hadi usiku na bado akala mkavu, na si kwa sababu hakugaagaa vya kutosha.

Wanasiasa wanajua utamu wa sifa hizi. Kampeni za 2022 zilijaa mama mboga na mahasla. Novemba mwaka huo ikazinduliwa Hazina ya Hasla, mikopo ya shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sikatai, kuna waliosaidika. Ila mkopo ni wa mtu anayeweza kurudi kazini kesho. Mgongo ukikataa kuinama, mkopo unabaki deni tu.

Kuna atakayeniambia kwamba namdharau, kwamba huyu mama anajivunia kazi yake na hahitaji huruma ya mtu. Sawa kabisa. Kastoma mmoja alipommwagia sifa, alicheka akamjibu: "Asante mwanangu. Sasa lipa zile chapo za wiki jana." Jibu hilo linatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Sifa unatoa ukipenda. Heshima ni deni, na deni halingoji ufurahi.

Nani basi anastahili hiyo heshima? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya huduma za afya, makao, chakula, maji safi na hifadhi ya jamii. Kila mtu. Hakikusema kila mtu mwenye bidii. Hapo ndipo naguswa. Niliacha chuo karo ilipokosekana, na tangu hapo watu hunipima kwa swali moja: huyu anajituma? Nikijituma, nastahili kusaidiwa. Nikichoka, shauri yangu. Ukifanya bidii kuwa tiketi ya utu, umemnyima mtu ruhusa ya kuchoka maisha yake yote.

Kwa hivyo tulipe madeni ya kibandani kwa wakati. Tusipige kelele chapo ikiongezwa shilingi tano ilhali tunanunua kahawa ya mia nne bila kuuliza. Tumwulize MCA wetu maji, choo na taa za vibanda viko wapi, maana saa ambazo ofisi yake iko wazi, yule mama yuko kwenye jiko. Na siku atakayoamua kulala hadi saa tatu asubuhi, kibanda kimefungwa na sisi tumelala njaa, tusiulize kama amekuwa mvivu.