Walijua, Wakamwacha Aende

Wengi wetu tunaopenda filamu za uhalifu wa kweli humfuata muuaji. Tunataka kujua alilelewaje, aliwaza nini, kwa nini aliua. The Good Nurse, filamu ya mwaka 2022 iliyoongozwa na Tobias Lindholm wa Denmark, haitupi jibu la swali hilo la mwisho. Eddie Redmayne anamwigiza muuguzi Charles Cullen kama mtu mpole, msaidizi, anayecheza na watoto wa mwenzake. Wapo watakaoona hilo kuwa pengo. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipopatia, maana kisa hiki kinatufundisha zaidi kuhusu waliomzunguka Cullen kuliko kuhusu Cullen mwenyewe.

Kwa miaka 16, kabla ya kukamatwa Desemba 2003, Cullen alifanya kazi katika hospitali tisa na nyumba moja ya kuuguzia wazee, katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, Marekani. Aliwadunga wagonjwa digoxin, ambayo ni dawa ya moyo, na insulini, au akaziingiza kwenye dripu zao. Vifo vilivyothibitishwa ni 29. Yeye mwenyewe alikiri vipatavyo 40, na wapo wanaoamini kwamba vilikuwa mamia.

Dalili zilianza mapema. Mwaka 1991, katika hospitali yake ya kwanza huko Livingston, mifuko ya dripu ilikutwa imetiwa insulini. Uchunguzi ukafanyika ndani kwa ndani, zamu zake zikapungua, akaondoka. Mwaka 1993, katika hospitali nyingine, bibi mmoja aliyekuwa akipata nafuu baada ya upasuaji alilalamika kwamba muuguzi wa kiume amemchoma sindano ambayo hakuandikiwa. Kesho yake akafariki. Cullen alihojiwa, akapimwa kwa mashine ya kutambua uongo, akafaulu, na jambo likaishia hapo. Mgonjwa alikuwa amesema kwa kinywa chake mwenyewe! Ni dalili gani zaidi ya hiyo waliyokuwa wakiingojea?

Linaloniumiza zaidi ni la Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 2002. Wauguzi walikuta vichupa vitupu vya dawa ya kulegeza misuli vimetupwa kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika. Dawa hiyo husimamisha pumzi ya mtu asiyewekewa mashine ya kupumulia. Hospitali ikamwachia Cullen ajiuzulu, na ikakubali kwamba ikiulizwa popote haitasema baya lolote juu yake. Miezi michache baadaye alikuwa ameajiriwa Somerville, New Jersey, katika wodi ya wagonjwa mahututi.

Huko nako onyo lilitolewa. Julai 2003 wataalamu wa kituo cha sumu cha jimbo waliwaambia wakuu wa hospitali kwamba huenda kuna mfanyakazi anayewapa wagonjwa sumu. Mamlaka za upelelezi zilijulishwa Oktoba. Katika miezi hiyo wagonjwa wengine waliuawa.

Ndugu msomaji, tusiwanyooshee kidole wakuu wale tukajiona tumesalimika. Waliogopa kesi, waliogopa jina la hospitali kuchafuka, na wauguzi wa zamu za usiku walikuwa adimu. Mimi nawe tungeweza kufanya vilevile. Mara ngapi tunamsikia mwalimu aliyelalamikiwa na wazazi akihamishiwa shule nyingine kimyakimya? Jirani akituulizia dada wa kazi tuliyemwachisha kwa sababu nzito, tunamwambiaje? Kusema “alikaa nasi mwaka mmoja, hana neno” kunatuondolea lawama leo, na hatari inabaki kwa watoto wa jirani. Tuseme tulichokiona, bila kuongeza wala kusingizia, na tumwambie mwenye uwezo wa kuchunguza.

Filamu inaonyesha vizuri kwamba dalili zilikuwa wazi, kupitia Amy Loughren, muuguzi mwenzake Cullen anayeigizwa na Jessica Chastain. Anagundua kwamba Cullen alikuwa akiagiza dawa kwenye kabati la kompyuta kisha kuifuta oda, huku droo ikifunguka vilevile. Kumbukumbu za kabati hilo zilikuwepo muda wote, zikimngoja mtu wa kuzisoma.

Ila nina ugomvi mmoja na filamu hii. Inatuachia picha ya mwanamke mmoja jasiri aliyeona wasichokiona wenzake. Kule Bethlehem wauguzi saba walikuwa wameona. Walikwenda kwa mwendesha mashtaka wa wilaya wakaeleza shaka yao, na baada ya miezi kadhaa faili likafungwa kwa kukosa ushahidi. Wanastahili filamu yao. Kisa hiki kiliacha angalau funzo moja kwenye sheria: mwaka 2005 New Jersey ilipitisha sheria inayozilazimu hospitali kutoa taarifa za wahudumu wanaohatarisha wagonjwa, na inayomlinda mwajiri asishtakiwe akimweleza mwajiri mwingine ukweli kwa nia njema.