Ongeza ya Moto

Mzee mmoja wa Tanga, seremala mstaafu aliyeishi na kisukari miaka mingi, alianza kulalamika kwamba miguu yake ni ya baridi na imejaa ganzi. Jirani akamwelekeza tiba ambayo nyumba nyingi zinaijua: beseni la maji ya moto, chumvi ya mawe na majani ya mwarobaini, "damu itembee".

Mkaza mwanawe akayaandaa. Alipochovya kidole alikitoa mbio.

"Baba, haya yanaunguza."

Mzee akatumbukiza miguu yote miwili, akatulia. "Mbona vuguvugu tu, mwanangu? Ongeza ya moto."

Akaongezewa. Nani angembishia baba mkwe?

Kulipokucha nyayo zilikuwa na malengelenge na ngozi ya dole gumba imebabuka. Kwa kuwa hakuna kilichouma, hakuna aliyeharakisha. Dole likapakwa asali, siku zikapita, likawa jeusi. Hospitali walianza kwa kulikata dole. Baadaye wakakata mguu chini ya goti.

Jirani hakusema uongo. Joto kweli hupanua mishipa ya damu. Katika mguu mzima ateri hufunguka, damu humiminika kwa wingi, na damu hiyo hiyo hulichukua joto na kulisambaza mwilini kabla halijaunguza. Ila nyama iliyopashwa moto hudai oksijeni zaidi, na hapo ndipo penye mtego. Ateri za mzee zilikuwa zimejaa utando wa mafuta na kukakamaa; kisukari hupenda sana kuziba zile za chini ya goti. Kuipasha moto miguu ya namna hiyo ni kualika watu hamsini kwenye pilau la watu watano. Nyama ilidai, damu haikufika, ikafa.

Na mguu haukuweza kulia. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, na za miguuni ndizo hutangulia. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku bila kushtuka usingizini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumuuliza kama maji ni ya moto.

Ateri zilizobana huweza kutoa dalili mapema. Shavu la mguu hubana ukitembea na kuachia ukisimama. Ngozi hung'aa, vinyweleo hupotea, kidonda kidogo hakifungi. Daktari hutafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha huweza kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Ya kifundo ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, ateri zimebana. Kipimo hiki hakina sindano.

Miguu yenye ateri zilizobana husaidiwa sana na kutembea: nenda mpaka paume, pumzika, endelea tena, mradi huna kidonda na daktari ameridhia. Sigara iachwe kabisa. Beseni halina kazi hapo.

Wewe unayemhudumia mzee mwenye kisukari, maji ya kumwosha miguu yapime kwa kiwiko chako mwenyewe. Akikwambia hayasikii, ita bajaji umpeleke kliniki siku hiyo hiyo.