Mfalme Aliyekataa Kusimulia Ndoto

JUMATANO

Soma Danieli 2:1–11. Wenye hekima wa Babeli walimwomba mfalme nini kabla ya kutoa tafsiri?

Wakaldayo walikuwa hodari wa kufasiri ndoto walizosimuliwa. Nebukadneza alikataa kusimulia, akawataka waseme wenyewe alichoota. Hapo wakakiri kwamba hakuna mwanadamu awezaye jambo hilo.

Siku hizi husemwa kwamba mashine inasoma ndoto. Mwaka 2013 watafiti wa Kyoto, Japani, wakiongozwa na Yukiyasu Kamitani, walitangaza jaribio walilofanya kwa watu 3. Kila mmoja alilala ndani ya mashine ya MRI, akaamshwa tena na tena na kuulizwa ameona nini. Majibu yake yakapangwa katika makundi, kama vile mtu, jengo au gari. Kisha programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa picha alizotazama akiwa macho, ilipewa makundi mawili ichague moja. Ilipatia karibu asilimia 60. Anayebahatisha hupatia 50.

Ni kazi ya bidii, lakini si kusoma ndoto. Mashine ilipima mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Ili ijulikane kama imepatia, mwotaji alipaswa kusimulia mwenyewe. Wakaldayo walikwama hapo hapo.

Kipimo cha MRI ni baraka hospitalini, kwa maana huonyesha uvimbe na kiharusi. Hatari huanza pale mtu anapodhani kwamba kipimo kimeona nia, akamhukumu mwenzake kwacho.

Soma 1 Wafalme 8:39 na Danieli 2:27–30. Ni nani ajuaye mioyo ya wanadamu wote? Danieli alimpa nani sifa?

Danieli aliomba pamoja na wenzake watatu, na siri ilipofunuliwa hakujisifu kwa hekima yake. Mungu aliyeijua ndoto ya mfalme anaujua pia moyo wa kila mtu, naye ndiye ahukumuye na kusamehe. Kwa hiyo mwamini hana sababu ya kuiogopa mashine, wala hana cha kumficha Mungu.

Swali la kujadili: Mshiriki amekosa ibada Sabato tatu mfululizo, na wengine wanasema amerudi nyuma. Wanajua nini hasa, na wanakisia nini? Ni mambo gani yangejulikana kwa kumtembelea na kumsikiliza?