Kazi ya Ukuta

Mzazi wa mitaa kama Igoma au Mabatini hahitaji falsafa kujua mwanawe yuko upande gani. Akimkuta stesheneri mbele ya kompyuta, humhesabu kuwa yumo kwenye mambo ya maana: anachapa kazi ya shule, anajaza fomu za chuo. Akimkuta kwenye banda la gemu, kashika padi ambayo mpira wa kijiti chake umeshalika, hapo ni kushikwa mkono hadi nyumbani. Kwenye kioo mzazi hata hajatazama. Chumba kimeshahukumu.

Je, hukumu hiyo ilitoka kwenye mashine? Ukizifungua zote mbili, kompyuta na mashine ya gemu, utasita kusema ndiyo. Xbox ya kwanza, mwaka 2001, ilibeba prosesa ya Intel Pentium III na diski kuu, viungo vya kompyuta ya mezani. PS4 na Xbox One za 2013 zilitumia prosesa za AMD za ukoo uleule. Mwaka 2020 gemu la Horizon Zero Dawn, lililokuwa la PlayStation pekee, likahamia kwenye kompyuta, na 2022 kampuni ya Valve ikatoa Steam Deck, kompyuta kamili inayoshikwa kama gemu la mkononi. Undugu ulikuwepo zamani. Kilichozitenga ni uamuzi wa mtengenezaji kwamba hii icheze tu.

Mashine hizi zinapoungana, kinachoondoka, basi, ni mpaka. Kwa mpaka nakusudia uamuzi uliokwisha kufanywa na mwingine kabla hujaketi: hapa utafanya hili, lile hutaliweza. Tuulilie? Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, sijamsikia msafiri wa Sengerema akitamani kurudi kwenye foleni ya kivuko. Kizuizi kikiondoka mtu hupata uhuru, na uhuru ni mali. Kijana atakayejifunza kuhariri video kwenye mashine ileile anayochezea mpira amepata kitu ambacho PS2 isingempa kamwe.

Hoja hiyo naikubali, lakini haifiki mwisho. Bandani hakuna anayecheza peke yake. Nyuma yako wamesimama watatu, sarafu mkononi, na ukifungwa unaachia padi hata kama moyo bado uko uwanjani. Hiyo ndiyo zamu: haki inayokwisha kwa sababu mwenzako naye anayo. Kikomo cha mchezo hakikutoka kwenye nidhamu ya mchezaji. Kilitoka kwa watu (na kwa umeme, ambao nao hukata mechi dakika ya themanini bila kuuliza nani anaongoza). Tuliwaita watoto wale watundu, na kumbe walikuwa wanafundishwa kuacha.

Sasa mtoto huyo mpe kompyuta chumbani. Fomu ya chuo na ligi ya mpira zimo kwenye kioo kimoja, kidirisha hiki na kile, na nyuma ya kiti hayupo anayesubiri. Lini kazi imegeuka mchezo? Nani aseme basi? Kujitawala, yaani kuwa wewe mwenyewe ndiye mpaka wako, ni jambo ambalo wengi wetu tumezeeka bila kuliweza. Nalo ndilo tunalomkabidhi mtoto wa miaka kumi na miwili, kazi iliyokuwa ikifanywa na ukuta, foleni na mwenye banda, huku dukani swali letu pekee likiwa RAM ni kiasi gani.