Kikombe cha Maji kwa Mzee Asiyeomba

Mwezi wa Julai huko Igowole, katika Wilaya ya Mufindi, ni mwezi wa ukungu na baridi kali. Wazee huota moto jikoni, blanketi mabegani, na maji hukaa mtungini kutwa nzima bila kuguswa. Nani aone kiu katika baridi ya namna ile? Jioni mzee ainuka aende uani. Kizunguzungu chamshika, magoti yalegea, aanguka. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Wengine, twasikitika kusema, hunong'ona habari za uchawi. Ni wachache waulizao: Je, mzee wetu leo amekunywa nini?

Swali hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wafao wengi zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60. Wengine hawafi, bali huvunjika nyonga, na tangu siku hiyo hawaendi tena shambani wala kanisani kwa miguu yao wenyewe.

Yafaa tujue jambo hili hutokeaje. Mwili wa mzee una maji machache kuliko mwili wa kijana. Figo zake haziwezi tena kuhifadhi maji kama zamani. Na kubwa kuliko hayo, hisia ya kiu yenyewe hufifia kadiri miaka inavyozidi, hata mwili wakauka na mwenyewe hana habari. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua mishipani. Basi mzee asimamapo ghafula, damu hushuka miguuni, presha huanguka, na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa kitambo kidogo. Hapo ndipo huona giza na kupepesuka. Kama upungufu ukizidi, hata mawazo huvurugika, asijue vema aweke mguu wapi.

Hatusemi kwamba kila aangukaye amekosa maji. Macho yaliyofifia, misuli iliyolegea, dawa kadha wa kadha na njia yenye utelezi, hayo yote huangusha watu. Lakini katika sababu hizo zote, hii ya maji ndiyo ambayo hata mtoto wa nyumbani aweza kuiondoa kwa mkono wake.

Tena liko jambo lichomalo moyo zaidi. Wako wazee wasiokunywa kwa makusudi. Choo kiko mbali, usiku ni wa giza, njia ina matope, na mzee haoni vema kumwamsha mjukuu kila mara. Basi hukaa bila kunywa, ili asiwe mzigo kwa wanawe. Ndugu wasomaji, je, mzazi aliyetulea aone kiu nyumbani mwetu kwa kutuonea haya? Hapo Amri ya Nne yavunjwa kimya kimya, bila tusi wala ugomvi.

Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za Nabii Eliya. Alikuwa amechoka kabisa, akajilaza chini ya mti jangwani, akamwomba Mungu amtwae. Hakuomba chakula wala maji. Hata hivyo Malaika alimjia, akamgusa, akamwonyesha mkate na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakusema kwamba ametimiza wajibu wake. Alirudi mara ya pili, akamwamsha tena. Ndipo Nabii akapata nguvu ya kutembea siku arobaini hata mlima wa Mungu, Horebu. Hivyo ndivyo yatupasa kuwatendea wazee wetu: kuwapa kabla hawajaomba, na kurudi tena.

Wataalamu wa lishe washauri mwanamke mzee apate vinywaji lita 1.6 kwa siku, na mwanamume lita 2. Si lazima yawe maji matupu. Chai, uji na maziwa vyahesabiwa pia. Wakati wa baridi maji yaliyochemshwa na yapewe yangali vuguvugu. Kikombe kimoja aamkapo, kimoja pamoja na kila mlo, kimoja anapomeza dawa, na vingine katikati. Lakini vilivyo vingi vinywewe mchana, asisumbuke usiku. Ulanzi tusiuhesabu, maana pombe huwafanya watu wakojoe zaidi na kuyumba zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, au atumiaye dawa za presha, amwulize daktari kwanza kiasi kimfaacho. Na kila mzee aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, tochi iwe karibu, chombo cha haja ndogo kiwe chumbani, na awepo wa kumshika mkono bila kununa.

Mwaka 2021 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Jumapili ya nne ya Julai iwe Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee duniani. Siku hiyo huangukia katika baridi ile ile ya Igowole. Ni vema kuwaombea wazee wakati wa Misa. Lakini sala hiyo ifuatane nasi hata jikoni. Kuwanywesha wenye kiu ni mojawapo ya Matendo ya Huruma, na Bwana wetu ametuambia kwamba Siku ya Hukumu atalihesabu kama tulilotendewa Yeye mwenyewe. Mwenye kiu huyo hakai mbali. Pengine anaota moto nyumbani mwetu.

Basi, gazeti hili likiisha kusomwa leo, mmoja wenu na ainuke, ampelekee mzee kikombe, aketi naye hata kiishe. Asingoje kuombwa.